Anayemzika Ndiye Anayerithi

Agneta Nabalayo aliolewa ili vita viishe. Hivyo ndivyo baba yake alivyomwambia siku wageni kutoka Mlimani walipokuja kumposa, na hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyoniambia mimi, tukiwa kwenye cherehani zetu katika duka la Mama Bindu mjini Kitale, tunakoshona sare za shule. Alilisema huku akicheka, lakini kicheko chenyewe kilinifanya niache kushona nimtazame.

Kwao ni Namasanda, ukitoka Malakisi ukielekea mpakani. Watu wa huko ni wachache lakini wana mfalme, wanamwita Mwami. Siku hizi Mwami hana askari wala hakusanyi kodi. Anakalia kigoda, anavaa bangili ya shaba, anaamua kesi za mipaka na za mahari, na mwanasiasa akija kuomba kura huanzia kwake. Ni hayo tu. Ila kwa watu wa Namasanda, hayo ni mengi.

Wanasimulia kwamba zamani sana, kabla ya Mzungu na kabla ya Mwarabu, kulikuwa na Mwami mwenye wana wawili wa mama mbalimbali. Mwami alipokufa, mwana mkubwa alikuwa vitani. Mdogo hakumngoja. Alimzika baba yao, akavua bangili kwenye mkono wa maiti, akaivaa yeye. Mkubwa aliporudi alikuta kaburi limekwisha kuota nyasi.

"Umerithi na mimi niko hai?" akauliza.

"Anayemzika ndiye anayerithi," mdogo akajibu.

Neno hilo likawa sheria. Mkubwa akapanda mlimani na watu wake, mdogo akabaki mtoni, na tangu enzi hizo Namasanda ina nyumba mbili: Mlimani na Mtoni. Kila Mwami akifa, nyumba hizo mbili hukimbilia maiti. Kila mara kuna watu wengine wanaokufa.

Agneta ni binti wa Mtoni. Alipokuwa msichana aliona nyumba ya babu yake ikiteketea kwa sababu ya bangili hiyo. Baada ya moto ule wazee walichoka, wakakaa, wakasema damu ichanganywe. Basi Agneta, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kutamani kusomea uuguzi, akapewa Sitati wa Mlimani. Watu wa Mlimani walipoleta ng'ombe wa mahari, baba yake aliwarudisha njiani. "Amani hailipiwi ng'ombe," alisema, na watu wakampigia makofi.

"Sitati hakuwa mtu mbaya," Agneta huniambia. Amelirudia hilo mara nyingi mno, kana kwamba mimi nimebisha. Walilima tumbaku pamoja. Yeye alifunga majani kwenye vijiti, Sitati akayapanga ndani ya banda la kukaushia na kuchochea moto, na jioni walinuka wote wawili harufu ileile. Mimba ziliharibika, moja baada ya nyingine, mpaka akazaliwa Khisa. Baada ya Khisa hakuzaa tena.

Mtoto huyo alipendwa huku na huku. Kaka yake Agneta, Bramwel, mwalimu wa shule ya msingi kule Mtoni, hakuwa na mtoto wa kiume. Alimfundisha Khisa kuendesha baiskeli na kumnunulia viatu vya shule. Khisa alimwita khocha, yaani mjomba, na shule zikifungwa alishuka mtoni kwa khocha wake bila kuogopa mtu. Wazee walimwona akipita njia ambayo baba zao hawakuthubutu kupita, wakasema kweli damu imechanganyika.

Alipomaliza shule hakutaka tumbaku wala ualimu. Alitaka magari. Alikuja hapa Kitale, akapata nafasi kwenye gereji ya Sunny, mtoto wa Mama Bindu, akajifunza umeme wa magari. Alipanga chumba mtaa wa Tuwan, na kila mwisho wa mwezi alimpigia mama yake simu kumweleza habari za nyaya na betri. Agneta hakuelewa kitu. Alikuwa anasikiliza sauti tu.

Kisha Mwami akafa. Ilikuwa wakati wa korona, na alifia hospitalini. Waliomzika ni watu wa afya waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, wakamshusha kaburini kwa kamba, wakapulizia dawa, wakaondoka. Hakuna mtu wa Mlimani aliyegusa jeneza, wala wa Mtoni. Bangili ilirudishwa kwa wazee ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu zamani hizo za wana wawili, haijatokea Mwami azikwe bila mrithi kumshika. Na Mwami huyo hakuacha mwana.

Mlimani wakamtaja Sitati. Mtoni wakamtaja Bramwel.

"Nilidhani watakataa," Agneta aliniambia. "Mume wangu na kaka yangu. Walikuwa wanakunywa busaa kwa chungu kimoja, bana. Nilidhani wataangaliana wacheke."

Hawakucheka. Sitati alianza kutembea kwa namna nyingine, shingo imenyooka. Bramwel akaacha kuja kusalimia. Usiku mmoja tumbaku ya Mlimani ilifyekwa ingali changa. Wiki iliyofuata ng'ombe wa Mtoni wakakutwa wamekatwa mishipa ya miguu, wanalia wamelala. Agneta akienda mtoni kuchota maji, wanawake aliozaliwa nao walinyamaza mpaka ajaze ndoo aondoke. Akirudi mlimani, mashemeji walimwuliza amekwenda kupeleka habari gani. Sitati naye, wakila, alimwuliza bila kumtazama, "Kaka yako anapanga nini?" Akikutana na Bramwel sokoni Malakisi, Bramwel alimvuta kando. "Agneta, mumeo anasema nini huko?"

"Hakuna aliyeniuliza nimekula," alisema.

Hali ikawa hivyo mpaka wazee wa koo ndogo, wale ambao hawana haki ya kiti, wakaja na shauri. Kwa nini tusimpe Khisa? Baba yake ni Mlimani, mama yake ni Mtoni. Nyumba zote mbili zitakuwa zimepata. Shauri hilo lilienea kama maji, na kwa siku kadhaa watu wakaanza kusalimiana tena. Sitati alikubali kwa shingo upande. Mwana wake akikaa, ni kama amekaa yeye. Bramwel naye akasema mpwa ni mtoto. Agneta alipiga magoti akamshukuru Mungu. Anasema hiyo ndiyo dakika ya mwisho aliyomshukuru.

Khisa akapigiwa simu aje nyumbani. Alifika asubuhi ya mkutano wenyewe, akaingia jikoni alikokuwa mama yake, akakaa kwenye kiti kifupi karibu na moto. Vidole vyake vilikuwa bado vina grisi. Agneta alimmiminia chai.

"Mayi," Khisa alisema, "mimi sitaki hii kitu."

"Usiseme hivyo. Ukikataa watauana."

"Nikikubali pia watauana. Nikizaa, watauliza mtoto ni wa nani. Nikikufa, watauliza nizikwe na nani." Akanywa chai. "Nitasimama mbele yao wote niseme. Niseme bangili iwekwe kwa museum, halafu kila mtu aende kwake alime. Halafu mimi narudi Kitale. Kuna lori ya Sunny nimeifungua, siwezi iacha hivyo."

Agneta alimtazama mtoto wake na kuona kwamba amekuwa mtu mzima, tena mwenye akili kuliko wote waliokuwa wamevaa makoti huko nje. Aliogopa, lakini ndani ya woga huo kulikuwa na kitu kama nafuu. Alimwambia, "Basi sema polepole, wasikie vizuri."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa. Kulikuwa na mahema ya kukodi na viti vya plastiki, na spika mbili kubwa zilizokuwa zikipiga kelele kila mzee aliposogeza maikrofoni. Mlimani walikaa kulia, Mtoni kushoto, na wanawake nyuma. Vijana wa pande zote mbili walisimama pembeni, na wengi wao walikuwa wamelewa. Kulikuwa na vijana ambao hawakufurahia shauri lile hata kidogo, waliokwisha kuahidiwa mambo na Sitati, na wengine walioahidiwa mambo na Bramwel.

Mwenyekiti wa wazee akasema maneno mengi, kisha akaita jina. "Khisa, mwana wa Sitati, mjukuu wa Mtoni. Simama watu wakuone."

Khisa akasimama. Akatembea hadi mbele, akashika maikrofoni, na spika zikalia tena. Akangoja zinyamaze. Akafungua mdomo.

Jiwe lilitoka pembeni. Agneta hakuona mkono uliolirusha, na mpaka leo hakuna aliyesema ameuona. Lilimpata Khisa juu ya sikio. Hakulia. Aliinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, kisha akaanguka na maikrofoni mkononi, na watu wote wakasikia kishindo chake kwenye spika. Halafu yakaja mawe mengine, na viti, na marungu, Mlimani na Mtoni wakapigana juu yake hadi polisi walipofika.

Alikufa ndani ya gari, kabla hawajafika Bungoma. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mama yake.

Agneta alidhani hapo ndipo mwisho wa yote. Alidhani hakuna binadamu anayeweza kupita hapo aendelee. Lakini siku ya pili, matanga yakiwa bado machanga, mzee mmoja wa Mlimani alisema kwa sauti ya chini jambo lililobadilisha kila kitu. Kijana aliitwa jina na mwenyekiti, alisema. Akasimama. Akatembea hadi mbele. Aliyeitwa akasimama amekubali. Basi aliyekufa ni Mwami.

Na anayemzika Mwami ndiye anayerithi.

Habari zilifika mtoni kabla ya chakula cha mchana. Bramwel akatangaza kwamba mpwa wake atazikwa Mtoni. "Kwa haki gani?" Mlimani wakauliza. Bramwel akajibu kwamba dada yake hakulipiwa mahari, hata ng'ombe mmoja, na mtoto wa mwanamke asiyelipiwa ni wa nyumba ya mama. Yale maneno ya baba yao, amani hailipiwi, yaliyopigiwa makofi, sasa yakageuzwa kuwa hoja.

Agneta alimwendea kaka yake kwa miguu. Alimkuta chini ya hema na watu wake.

"Bramwel," alimwambia, "niachie mtoto wangu nimzike."

"Si ndiyo ninataka kufanya, dada yangu? Nataka kumzika kwa heshima."

"Hakutaka heshima. Aliniambia asubuhi ile. Alikuwa anaenda kukataa."

Bramwel akamtazama, na kwa muda mfupi Agneta aliona yule kaka aliyemjua, macho yamejaa maji. Kisha mmoja wa wazee akakohoa.

"Umechanganyikiwa na msiba," Bramwel alisema kwa upole. "Mleteeni kiti."

Alipomwambia Sitati maneno hayohayo, Sitati hakuwa mpole. "Nani amekufundisha kusema hivyo? Ni kaka yako? Unataka mwanangu afe kama mtu tu?"

"Alikuwa mtu tu," Agneta akasema. "Alikuwa mtu tu, Baba Khisa."

Kesi ilikwenda mahakamani Bungoma. Kila upande ulileta wakili, na kila tarehe ilipofika wakili mmoja aliomba iahirishwe. Khisa alikaa kwenye jokofu la chumba cha maiti. Mvua zikaja, mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakaanza kutoa mbelewele. Agneta alikwenda kumwona mara moja, akaambiwa wahusika wakuu ni Sitati na Bramwel, aje na ruhusa ya mmoja wao. Mmoja hakutaka kumpa ruhusa bila mwenzake kujua, na mwenzake hakutaka kabisa. Akarudi.

Siku aliyoitwa kutoa ushahidi alivaa gauni lake la kanisani. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, na alimsikiliza bila kuandika.

"Aliniambia hataki," Agneta alisema. "Alikuwa anaenda kuwaambia. Mheshimiwa, kama hakukubali, si Mwami. Kama si Mwami, yeye ni mtoto wangu. Nipewe nimzike, nitamzika popote, hata kando ya barabara."

Wakili wa Sitati akasimama. "Kuna mtu mwingine aliyesikia maneno hayo?"

"Tulikuwa wawili. Mimi na yeye."

"Na yeye hayupo." Akakaa.

Wakili wa Bramwel hakuwa na swali. Hapo ndipo Agneta alipoelewa. Mawakili wale waliopingana katika kila neno, katika jambo hili walikuwa kitu kimoja. Ilikuwa lazima mtoto wake awe mfalme. Bila hivyo hakuna kati yao aliyekuwa na kitu cha kurithi. Alitazama kulia akamwona mumewe, akatazama kushoto akamwona kaka yake, na wote wawili walikuwa wametazama chini.

Hakimu hakuwahi kuamua. Gharama na uchovu viliwashinda, uchaguzi ukakaribia, na mtu mkubwa mmoja aliyetaka kura za pande zote mbili aliwaita faraghani. Walitoka huko wameshikana mikono. Sitati atakuwa Mwami, Bramwel atakuwa msemaji wa Mwami na mshauri wake mkuu. Watamzika Khisa pamoja, baba ameshika upande wa kichwa, mjomba upande wa miguu, ili asiwepo wa kusema aliachwa. Mambo hayo yaliamuliwa kwa muda usiozidi ule wa kunywa soda. Yangeweza kuamuliwa kabla ya jiwe. Agneta alilisema hili mara moja tu, kisha akaenda nje ya duka akasimama.

Siku ya maziko watu walijaa kuliko siku ya Krismasi. Kulikuwa na ng'ombe waliochinjwa, na ngoma, na mgeni wa heshima aliyemwita Khisa shujaa wa umoja. Jeneza lilifunikwa kwa ngozi ya mbega, kama la wafalme wote wa Namasanda. Agneta alisimama ili alifuate. Wanawake wawili wazee wakamshika mikono.

"Mayi, huwezi," mmoja akamwambia. "Mwanamke haoni Mwami akishushwa. Ni mwiko."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Tunajua, mayi. Lakini ni Mwami."

Walimketisha ndani ya nyumba na kufunga dirisha. Alisikia ngoma zikipanda kilima, kisha zikanyamaza, na katika kimya hicho alijua wanamshusha. Alijaribu kulia, akashindwa. Wanawake walilia kwa niaba yake, kwa sauti kubwa, wengine kutoka Mlimani, wengine kutoka Mtoni.

Baada ya siku chache alisema anakwenda Kitale kuchukua vitu vya marehemu. Hakuna aliyemzuia. Chumba cha Tuwan kilikuwa kimekwisha kupangishwa mtu mwingine, na vitu vilikuwa gereji kwa Sunny: godoro, sufuria, nguo za kazi, mkoba wa vifaa. Sunny alimkalisha akamletea chai.

"Ile lori aliacha wazi, nilimaliza mwenyewe," Sunny alimwambia. "Ilinichukua siku mingi sana. Yeye angeshinda nayo asubuhi tu. Pole sana, Mama."

Agneta alishika ile ovaroli yenye grisi, akainuka aende stendi, akaketi tena. Alikaa pale gereji hadi wakafunga. Mama Bindu, aliyekuja kumchukua mwanawe, ndiye aliyeuliza kama anajua kushona. Tangu hapo yuko nasi. Amepanga mtaa wa Matisi, chumba karibu na changu, kwenye nyumba za Mama Nyaruai, na jioni tunatembea pamoja kurudi.

Mwaka jana Sitati alikuja dukani. Nilimtambua kwa bangili kabla hajasema jina. Amezeeka. Alisimama mlangoni kati ya sweta za shule zilizotundikwa, akamsalimu mkewe kwa heshima.

"Mama Khisa, rudi nyumbani. Watu wa Mtoni wanaanza maneno. Ati wewe ndiye uliyekuwa amani, na kama nimekufukuza, basi amani imevunjika. Kaka yako mwenyewe ndiye anasema hivyo."

"Hukunifukuza."

"Waambie hivyo. Njoo uketi karibu na mimi siku moja tu, wakuone."

Agneta alizima cherehani. "Nitakuja, kama utanipeleka nione kaburi."

Sitati aliizungusha ile bangili kwenye mkono wake, na nikaona kwamba inambana, ngozi chini yake imechubuka. Nilidhani atakubali.

"Unajua mila haikubali," alisema mwishowe. "Mimi nikivunja mila, wataninyang'anya."

"Basi," Agneta akasema.

Sitati alingoja kidogo, akaenda zake. Agneta aliwasha cherehani akaendelea na shati alilokuwa akilishona, na alipomaliza niliona ameshonea mkono kwenye tundu la shingo. Tulikaa tukalifumua pamoja, uzi kwa uzi.

Juzi redio ilisema nyumba zimechomwa tena upande wa Malakisi kwa ugomvi wa kiti cha utawala wa kimila, na kwamba watu wamekufa. Mama Bindu alitaka kuizima. Agneta akamwambia aiache, wateja wanapenda muziki unaofuata baada ya habari.